Mtoto anapomnyima mwenzake mkono: la kufanya na la kuacha

Nafundisha darasa la awali hapa Mwanza, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na watoto wangu wana miaka minne hadi sita. Kila muhula lazima mzazi mmoja anisubiri getini wenzake wakishaondoka, aniulize kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hivi mtoto mdogo namna hii anaweza kuwa mbaguzi?" Anayeuliza huwa ameshaona kitu. Mtoto kamwambia dada wa kazi, "Wewe si wa kwetu." Au kwenye daladala kagoma kukaa karibu na mama mwenye magongo. Mzazi kaona aibu, na angependa nimwambie ni utoto tu, utapita.

Simwambii hivyo. Anaweza. Hazaliwi nao, lakini anaanza kuuokota ubaguzi mapema kuliko wengi tunavyodhani, na anauokota kwetu sisi wakubwa, zaidi kwenye nyuso na mikono yetu kuliko midomoni. Na siku anapoutoa hadharani, katika yote tunayoweza kumfanyia, kumnyamazisha ndiko kunakoharibu zaidi. Najua kwa sababu nilifanya hivyo mbele ya darasa zima.

Siku niliyowanyamazisha

Tulikuwa uwanjani, mchezo wa duara, watoto ishirini na saba wameshikana mikono. Kulikuwa na mvulana wa miaka mitano mwenye ualbino, aliyehamia kwetu wiki mbili nyuma. Wenzake walimjua kwa kofia yake pana ya bluu, nami hapa nitamwita mtoto wa kofia. Msichana aliyesimama kushoto kwake akauvuta mkono wake nyuma, akaufuta kwenye sketi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja rangi ya kikombe: "Mimi simshiki. Huyo dili."

Msomaji wa mbali na Kanda ya Ziwa huenda asipate uzito wa neno hilo. Ni neno la mtaani linalomgeuza mtu kuwa kitu cha kuuzwa. Limetokana na uongo wa waganga kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri, uongo ulioua watu katika mikoa yetu, na miaka ya 2007 na 2008 tulikuwa tukiamka na habari hizo redioni. Sasa neno hilo liko kinywani mwa mtoto wa miaka mitano, na mwenye kuambiwa amesimama hapo hapo akiwa ameunyosha mkono.

Nilipandwa na hofu na hasira kwa pamoja. Nikapiga kelele: "Nyamaza! Neno hilo nisilisikie tena hapa!" Nikavunja mchezo, nikawarudisha wote darasani, tukaimba alfabeti kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kesho yake asubuhi mtoto wa kofia alikaa mbele kwenye mkeka kama kawaida, na mkeka wote uliomzunguka ulikuwa mtupu. Si yule msichana peke yake. Wote walikuwa wamesogea nyuma, wamebanana ukutani. Nikamuuliza mmoja, mtoto mpole ambaye hajawahi kumkosea mtu, kwa nini amehama. Akanijibu: "Ukikaa naye mwalimu anakasirika."

Nilidhani nimemtetea. Wao walisoma kitu kingine: kuna jambo la kutisha kuhusu mtoto huyu, kubwa kiasi kwamba hata mwalimu hawezi kulitamka. Kilichokuwa cha mtoto mmoja saa nne asubuhi, mimi nilikigawa kwa ishirini na sita.

Ubaguzi unaingiaje, na katika umri gani

Baada ya siku ile nilianza kusoma kila nilichokipata kuhusu jambo hili, na nitaeleza yale yaliyobadilisha namna yangu ya kufanya kazi.

Watafiti waliowaonyesha watoto wachanga picha za nyuso waligundua kwamba wenye siku chache hawachagui, lakini wa miezi mitatu hukazia macho zaidi nyuso za watu wa rangi waliyoizoea nyumbani. Huko Israel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, walipimwa pia watoto wa familia zilizotoka Ethiopia, ambao kila siku huona watu Weusi na Weupe. Hao hawakupendelea upande wowote. Kwa hiyo cha miezi mitatu si ubaguzi, ni mazoea, na mazoea hutegemea nani anaingia nyumbani kwako.

Kuanzia miaka mitatu mtoto anaanza kutaja makundi na kuyapa sifa. Kati ya mitano na saba ndipo ubaguzi huwa mkali zaidi, kisha kwa watoto wengi hupungua kidogo kadiri akili inavyokua na mtoto anavyoelewa kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mambo mengi kwa wakati mmoja. Miaka hiyo mitano hadi saba ndiyo ya awali na darasa la kwanza. Anayesema tusubiri wakue ndipo tuzungumze nao anataka tuvuke msimu wa kupanda.

Utafiti ulionigusa kuliko yote ulifanywa na Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ukachapishwa mwaka 2017. Watoto wa miaka minne na mitano walionyeshwa video fupi. Mtu anawasalimia wanawake wawili kwa maneno yale yale. Kwa mmoja anatabasamu na kuinama mbele. Kwa mwingine anakunja uso na kurudi nyuma kidogo. Basi. Walipoulizwa wanampenda nani, watoto wengi walimchagua aliyetabasamiwa. Na upendeleo huo ukahamia hata kwa mtu mwingine waliyeambiwa ni rafiki wa mmoja wao. Hakuna neno baya lililosemwa.

Niliposoma hayo nilikumbuka kona ya michezo ya darasani kwangu. Mvulana mmoja alipanga vikombe vya plastiki: baba, mama, mtoto, wote mezani. Mdoli wa nne akamweka chini karibu na mlango. Nikamuuliza, huyu mbona yuko chini? "Huyo dada. Anakula baadaye." Nawafahamu wazazi wake, ni watu wema, na nina hakika hawajawahi kumwambia kwamba dada ni mtu wa chini. Hawakuhitaji kumwambia. Kila jioni anaiona sahani ya dada inavyopakuliwa mwisho.

Dakika za mwanzo

Sasa tuje kwenye kufanya. Jambo limetokea mbele yako, uwanjani, sebuleni, kwenye daladala.

Nenda kwanza kwa aliyeumizwa. Wengi wetu tunamrukia aliyekosea, na aliyekosewa anabaki amesimama peke yake akiangaliwa. Simama karibu naye, mshike mkono wewe mwenyewe kama hapingi, umwambie kwa sauti ambayo wenzake wanaisikia: "Nimesikia alichosema. Si kweli, na si haki kukwambia hivyo. Niko nawe." Usimwambie "achana naye" wala "usijali." Anajali. Ukimwambia asijali unamwachia yeye mzigo wa kuumaliza.

Kisha chuchumaa mbele ya aliyesema, macho yenu yawe sawa. Sauti iwe ya chini. Usicheke hata kama neno limetoka kwa namna ya kuchekesha, maana kicheko ni zawadi, atalirudia kesho. Usimpige. Najua wapo wanaosema fimbo moja ingemaliza mambo. Fimbo inamfundisha mtoto mahali pa kuyasemea, nyuma ya choo ambako hupo.

Weka mpaka kwa sentensi moja: "Darasani kwetu hatumnyimi mtu mkono kwa sababu ya ngozi yake." Sentensi iwe juu ya kitendo. Ukimwambia "wewe ni mtoto mbaya, una roho mbaya," utapata mtoto anayejitetea, na mtoto anayejitetea hafundishiki.

Usimlazimishe kukumbatia wala kusema samahani papo hapo. Nimeona samahani nyingi za kulazimishwa, mtoto anaangalia pembeni, midomo inasema na mabega yanakataa, na aliyeumizwa anayaona yale mabega. Samahani itakuja, au itakuja kwa njia nyingine.

Muulize alichomaanisha

Hili nilipaswa kulifanya siku ile ile na nililifanya siku ya nne. Nilikaa na yule msichana kivulini, nikampa kazi ya kuchambua maharage ya kuhesabia ili mikono yake iwe na shughuli, maana mtoto huongea vizuri mikono ikiwa kazini. Nikamuuliza: "Lile neno ulilosema uwanjani, ulilisikia wapi?"

"Kwa kaka."

"Maana yake nini?"

Akafikiri. "Mgonjwa."

"Na mkono uliufuta kwa nini?"

"Nisiambukizwe niwe mweupe."

Mimi nilikuwa nimemhukumu kwa maana ya mauaji, yeye alikuwa akiogopa upele. Ndiyo maana nasisitiza kuuliza kabla ya kufundisha. Mtoto anaweza kutoa maneno yale yale kwa sababu tatu tofauti. Anaweza kuwa anauliza tu: "Mbona yule bibi ni mweusi hivyo?" Anaweza kuwa anaogopa. Au anaweza kuwa anajua kabisa kwamba neno linauma na analitumia kupata ukubwa. Swali linataka jibu. Hofu inataka maelezo na muda. Dharau inataka mpaka, usimamizi, na mazungumzo na waliomzunguka. Ukivitibu vyote kwa ukali mmoja, umevikosa viwili.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. "Nani kakufundisha huo upuuzi?" ni swali la polisi, na mtoto atataja jina lolote au atanyamaza. Uliza kama mtu anayetaka kujua.

Ukweli mfupi

Kisha mpe ukweli, kwa sentensi fupi, bila kuzunguka. Haya ndiyo niliyomwambia:

"Mwili wako unatengeneza rangi ya ngozi. Wa rafiki yako unatengeneza kidogo sana. Alizaliwa hivyo, kama wewe ulivyozaliwa na kishimo shavuni. Si ugonjwa wa kuambukiza. Ukimshika mkono, utabaki na rangi yako. Jua linamuunguza haraka, ndiyo maana anavaa kofia na mikono mirefu na kupakwa mafuta ya kukinga jua. Macho yake hayaoni mbali vizuri, ndiyo maana anakaa mbele. Na lile neno linaumiza watu sana, hatulitumii."

Akauliza kama usiku mwenzake anaonekana gizani. Nikamwambia hapana, gizani haonekani, kama sisi. Akaridhika. Mtoto anataka jibu la ukubwa wa swali lake.

Kwa wakubwa wanaosoma hapa: ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wana ngozi ya kawaida na hawajui kwamba wanaubeba, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Baba anayemkimbia mke kwa sababu hiyo anamwadhibu kwa jambo ambalo nusu yake limetoka kwake. Hatari kubwa kwa mtoto huyu ni saratani ya ngozi. Losheni ya Kilisun hutengenezwa hapa hapa nchini, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Na sema mtu mwenye ualbino. "Zeruzeru" liacheni, hata bibi akiwa amelizoea.

Nililieleza darasa zima pia, lakini baada ya kumuomba ruhusa mtoto mwenyewe na mama yake. Ruhusa hiyo isirukwe. Mtoto si kifaa cha kufundishia. Nilimuuliza: unataka niwaambie mimi, au tuwaambie pamoja, au tusiseme leo? Akasema yeye ataeleza kofia, mimi nieleze macho, na mtu asiguse nywele zake. Tukafanya hivyo hasa. Alieleza kofia kwa dakika nzima: mama aliinunua sokoni, ina kamba ya kufungia upepo ukivuma, na anaivua akilala tu. Maswali yalikuwa sita na yote yalihusu kamba.

Wape kazi ya watu wawili

Maelezo peke yake hayatoshi. Nyuma ya darasa tuna tuta la mchicha, na ndoo ya lita kumi ambayo mtoto wa miaka mitano haiwezi peke yake, hata ikijazwa nusu. Niliwapa wale wawili zamu ya kumwagilia kwa wiki mbili, ndoo imepitishwa mti katikati, mmoja mbele mmoja nyuma. Sikuwaambia muwe marafiki. Niliwaambia mchicha usikauke.

Siku za mwanzo hawakusemezana. Siku ya sita nikasikia kelele, nikatoka mbio, nikawakuta wanagombana ni nani amemwaga zaidi. Nilifurahi. Walikuwa wakigombana kama watoto wawili, na yule msichana alikuwa ameshika kopo ambalo mwenzake ametoka kulishika.

Kazi hiyo ifanane na nguvu zao, na kila mmoja awe anahitajika kweli. Usimfanye mmoja kuwa msaidizi wa mwingine. "Msaidie mwenzako mlemavu" ni maneno mazuri yanayomweka mtoto mmoja juu na mwingine chini kila siku ya Mungu.

Kumwita mzazi

Nilimwita mama wa yule msichana jioni, peke yake, tukakaa kwenye viti vidogo. Sikuanza na kosa. Nilimwambia kilichotokea, neno kwa neno, na nikamwambia kwamba nami nimekosea kwa kupiga kelele. Akasema wanachosema wazazi wote: "Mwalimu, nyumbani kwetu maneno hayo hayapo." Nikamjibu kwamba namwamini, na neno limetoka kwa kaka, huenda kalipata njiani. Nikamuuliza kama anakumbuka mtoto ameona nini siku za karibuni.

Alinyamaza muda mrefu. Alikuwa mjamzito, miezi sita hivi. Akasema: "Wiki iliyopita hapo getini. Yule mtoto alipita na mama yake. Nilitema mate kifuani." Anayejua anajua. Ni mila ya baadhi ya wajawazito, mama yake alimfundisha na yeye alifundishwa na mama yake, kutema mate kidogo ndani ya nguo ili mtoto aliye tumboni asizaliwe hivyo. "Mtoto nilikuwa nimemshika mkono," akasema.

Sikumshutumu. Nilimweleza urithi unavyofanya kazi, kwamba kumwona mtu hakubadilishi kilichomo tumboni. Akaniuliza maswali mengi, ya uoga, ya mtu anayekaribia kujifungua. Kisha nikampendekezea jambo moja dogo: kesho asubuhi, getini, amsalimie mama wa mtoto wa kofia, binti akiwa anaona. Salamu ya kweli, ya kusimama, habari za nyumbani, habari za watoto. Alifanya. Binti alikuwa ameushika mkono ule ule.

Kama mzazi anakataa katakata, au anasema mtoto wake hatakaa darasa moja na fulani, hapo sibembelezi tena. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inampa kila mtoto haki ya kuishi bila kubaguliwa. Namwambia hivyo kwa adabu, na namjulisha mkuu wa shule siku hiyo hiyo.

Mambo ya nyumbani, kabla halijatokea

Masikio ya kichanga. Tunakwenda kumwona mzazi, tunafunua khanga, tunaangalia masikio tujue mtoto atakuwa na rangi gani, na tunasema "ah, atakuwa mweupe huyu, mzuri" mbele ya dada yake wa miaka minne ambaye ni mweusi. Tunawaambia wasichana watoke juani wasiwe weusi. Miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwapa watoto Weusi wa miaka mitatu hadi saba midoli inayofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza upi mzuri, upi mbaya. Wengi waliita mweupe mzuri. Matokeo hayo yalitajwa katika kesi ya mwaka 1954 ambayo kwayo Mahakama ya Juu ya nchi ile ilipiga marufuku kutenga watoto shuleni kwa rangi. Kila nikiingia dukani kununua mdoli na kukuta wa nywele za njano tupu, nawakumbuka watoto wale. Midoli ya darasani kwangu nimeishona mwenyewe, kwa vitambaa vya kahawia vya aina nne na kimoja cha maziwa, nguo za vitenge. Si kazi ngumu, jioni mbili.

Vitisho. "Usipokula yule Mmasai atakuchukua." "Ukilia nakupeleka kwa yule kichaa." Tunamtumia mtu wa kweli, mlinzi anayetulindia nyumba, kama zimwi la kumnyamazishia mtoto, halafu tunashangaa mtoto akimkimbia. Acheni leo.

Utani. Hapa nagusa kitu ninachokipenda. Utani wa makabila umetusaidia sana nchi hii, watu wanataniana msibani na wanazikana. Lakini mtoto wa miaka minne hajui kwamba ni utani. Nilikuwa na mtoto wa baba Mchaga, baba mcheshi sana, aliyekuwa akiwatania Wapare kwenye simu kila jioni kuhusu ubahili, na watani wake wakimrudishia. Mtoto akaja darasani akamkataza rafiki yake kugawa karanga: "Huyo Mpare, hatakurudishia." Baba aliposikia aliumia. Hakuacha utani, na sikumwambia auache. Alimkalisha mwanawe akamweleza: huyu ni mtani wangu, tunachekeshana, nikiumwa yeye ndiye anayekuja wa kwanza. Wiki iliyofuata akamkaribisha mtani nyumbani, mtoto akawaona wanavyocheka wote wawili.

Foleni. Hili ni la walimu zaidi. Mtafiti Rebecca Bigler wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, aliwahi kugawa fulana za rangi mbili kwa watoto wa shule ya msingi. Walimu walipotumia rangi hizo kupanga foleni na kuwaita watoto, baada ya wiki chache watoto waliona rangi yao ndiyo bora. Pale ambapo fulana zilivaliwa tu bila mwalimu kuzitaja, haikutokea hivyo. Tangu nisome hayo siiti tena "wavulana huku, wasichana kule." Naita waliozaliwa mwezi wa mvua, wenye viatu vya kamba, waliokula viazi asubuhi. Makundi yanavunjika kila siku na kuundwa upya.

Na dada wa kazi. Ale nanyi, mezani kama mnakula mezani, mkekani kama mnakula mkekani. Mtoto amwambie "naomba" na "asante, dada," na akisahau akumbushwe na baba, si na dada mwenyewe.

Mkubwa akisema mbele ya mtoto

Hili ndilo gumu. Bibi amekuja kutoka kijijini, tunamheshimu, na anasema neno kuhusu jirani, mtoto anasikiliza. Huwezi kumkaripia bibi, wala usijaribu. Lakini ukinyamaza kabisa mtoto ameandika kwamba limekubalika. Ninachofanya ni kusema kwa upole, hapo hapo: "Bibi, sisi hapa kwetu tunamwita kwa jina lake." Kisha naendelea kumwagia chai. Usiku, bibi akiwa amelala, namwambia mtoto: "Bibi alifundishwa hivyo zamani. Anatupenda, na pale hakuwa sahihi. Vyote viwili ni kweli." Mtoto wa miaka mitano anaweza kubeba hayo.

Anapokwenda darasa la kwanza

Kazi yote ya mwaka inaweza kupotea Januari moja, mtoto akiingia kwenye darasa la watoto wengi ambako hakuna anayemjua. Siku ya mwisho nilimwandikia mwalimu wake mpya karatasi, nikaisoma kwanza kwa mtoto wa kofia na mama yake ili wakate wasichokitaka. Walikata sentensi moja tu, iliyosema ni mpole.

Ilibaki hivi: Akae mstari wa kwanza, mbali na dirisha linaloingiza jua. Ukiandika ubaoni andika kwa herufi kubwa na utamke unachoandika. Paredi ya asubuhi asivuliwe kofia, hata wenzake wakivuliwa. Michezo ya saa sita afanyie kivulini, pamoja na watoto wengine watatu au wanne, si peke yake. Watoto wakiuliza kuhusu ngozi yake, uwajibu siku hiyo hiyo, yeye mwenyewe anajua kueleza kofia. Mchicha anajua kuumwagilia, na kwenye ndoo hukaa nyuma.